Msaada wa Kimataifa na Kura ya Mtaani: Mafunzo kutoka Kinondoni na Temeke

Mada iliyowasilishwa kwa waangalizi wa ndani, mawakala wa vyama na watoa elimu ya mpiga kura



Mada niliyopewa inahusu mchango wa jumuiya ya kimataifa katika kujenga uchaguzi wa haki unaodumu. Ni pana mno kwa asubuhi moja, kwa hiyo nitaibana ibaki Kinondoni na Temeke. Sensa ya 2022 iliikuta Temeke ina watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328, wengi wao wapangaji wanaohama chumba kila kodi inapopanda. Ni sehemu zenye historia ya uchaguzi ambayo mfadhili yeyote angefaa kuisoma kabla ya kutoa fedha.

Tangu mfumo wa vyama vingi urejee mwaka 1992, msaada mwingi umekwenda kwenye vitu vinavyoonekana: vifaa, semina, waangalizi wenye vizibao. Lakini uchaguzi wetu umekuwa ukiharibikia kwenye ofisi ya msimamizi wa uchaguzi, kwenye fomu ya mgombea na kwenye karatasi ya utambulisho ya wakala. Huko fedha za nje zimefika kwa nadra sana.

Tuanze na 1995. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo Tanzania Bara ilifanya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu uhuru. Waangalizi wa kigeni walikuwepo, na wengi walidhani matatizo yatatokea vijijini, kule ambako gari halifiki. Yakatokea Dar es Salaam, jirani kabisa na makao ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi yenyewe. Vituo vilichelewa kufunguliwa, vingine havikufunguliwa, karatasi za kura zikapungua au zikapelekwa kusikostahili. Tume, chini ya Jaji Lewis Makame, ilifuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya mkoa na kuurudia tarehe 19 Novemba. Wagombea urais wa upinzani walijitoa wakitaka uchaguzi wa nchi nzima ufutwe, Mahakama Kuu ikakataa. Benjamin Mkapa akatangazwa mshindi kwa asilimia 61.8.

Wafadhili walisoma tukio lile kama upungufu wa vifaa na utaalamu, na kwa sehemu walikuwa sahihi. Ndiyo maana miaka iliyofuata ikawa ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililoanza kuandikishwa 2004 kwa ajili ya uchaguzi wa 2005. Zikaja fedha za pamoja za wahisani zilizosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, kwa uchaguzi wa 2010 na tena wa 2015. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye tume mbili, ya Taifa na ya Zanzibar, na kwenye mafunzo.

Mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa 1995, hata hivyo, Temeke ilitoa fundisho ambalo halikuandikwa kwenye ripoti nyingi. Mbunge wa CCM aliachia kiti baada ya ushindi wake kupingwa mahakamani, na Oktoba 1996 ukafanyika uchaguzi mdogo. Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alishinda. Kilichobadilika hasa tangu 1995 ni kwamba kulikuwa na njia ya kisheria ya kumwondoa mbunge, na kulikuwa na watu waliokesha wakilinda kura. Mashine haikuhusika.

Kadi ya kisasa, mlango wa zamani

Tunakumbuka foleni za Julai 2015, watu wamepanga mawe na ndala tangu alfajiri kushika nafasi kwenye vituo vya kuandikisha. Uandikishaji kwa alama za vidole ulikuwa umeanzia Makambako mwezi Februari, ukaenda polepole kiasi kwamba kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa 30 Aprili, ikaahirishwa. Haijapigwa hadi leo. Hata hivyo daftari lilikamilika, watu wakapata kichinjio chao, yaani kadi ya mpiga kura, na Oktoba ile wakazi wa majimbo ya Kinondoni na Temeke walichagua wabunge wa CUF, Kawe ikabaki na CHADEMA. Sioni sababu ya kubeza daftari. Mfu akiondolewa na aliye hai akaandikwa, hiyo ni kazi nzuri.

Sasa tazameni kilichofuata. Mbunge wa Kinondoni alihamia CCM mwishoni mwa 2017, uchaguzi mdogo ukapangwa 17 Februari 2018. Siku moja kabla, mawakala wa CHADEMA walikuwa bado hawajapata hati zao za viapo. Bila hati wakala haingii kituoni, na asipoingia haoni kura zikihesabiwa wala hapati nakala ya fomu ya matokeo. Viongozi na wafuasi wakaandamana kwenda kwa msimamizi wa uchaguzi kuzidai. Polisi wakafyatua risasi kuwatawanya. Risasi moja ikampata mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ameketi ndani ya daladala pale Mkwajuni. Akafa.

Msichana yule hakuwa mwandamanaji wala wakala. Alikufa kwenye purukushani iliyoanzia kwenye karatasi ambazo gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana cha semina moja. Viongozi wa CHADEMA ndio walioshtakiwa. Machi 2020 Mahakama ya Kisutu iliwatoza faini, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo. Uchaguzi mdogo wenyewe ulifanyika siku moja baada ya kifo kile, daftari la alama za vidole likiwa mezani, na wapiga kura waliojitokeza hawakufika robo ya walioandikishwa.

Temeke haikufika hata kwenye kupiga kura. Mbunge wake naye alihama chama Novemba 2018, na uchaguzi mdogo ulipoitishwa akatangazwa kupita bila kupingwa kwa kuwa wapinzani hawakurejesha fomu ipasavyo. Wakazi wa jimbo zima wakapata mbunge bila sanduku kufunguliwa. Hakukuwa na cha kuangalia. Mwangalizi wa kimataifa anakuja wiki chache kabla ya siku ya kura, wakati uteuzi umekwisha na walioenguliwa wamekwishaenguliwa.

Uchaguzi usio na mfadhili

Kuna uchaguzi mwingine unaopita karibu bila wageni: ule wa serikali za mitaa. Kwa mkazi wa Tandale au Mbagala, mwenyekiti wa mtaa ndiye anayeandika barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, kuomba kitambulisho cha Taifa au kumdhamini mtu polisi. Ndiye anayejua nani amehamia na nani kahama. Uchaguzi wake hausimamiwi na Tume. Unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake ya wapiga kura isiyo daftari lile la kudumu lililogharimiwa kwa mabilioni.

Desemba 2014 upinzani ulichukua mitaa mingi ya jiji hili. Novemba 2019 wagombea wake walienguliwa kwa wingi kwa makosa ya kujaza fomu, vyama vikuu vikasusia, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Novemba 2024 vyama vilishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 98. Mtu anaweza kusema hayo ni mapenzi ya wananchi. Ningekubali kwa urahisi zaidi kama wananchi wangeonyeshwa majina mawili.

Aliyetaka kujua uchaguzi mkuu wa 2025 utakuwaje angeweza kuusoma mwaka mmoja mapema kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini tangu Aprili. Chama chake, CHADEMA, kilizuiwa kushiriki baada ya kukataa kutia saini kanuni za maadili. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Tarehe 29 Oktoba 2025 maandamano yalizuka jijini, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, na watu wakauawa. Mgombea wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Safari hii waangalizi wa Kiafrika hawakumung'unya maneno: ujumbe wa SADC ulisema wapiga kura katika maeneo mengi hawakuweza kuonyesha matakwa yao, na ule wa Umoja wa Afrika ukasema uchaguzi haukufikia misingi ya Umoja huo. Tulizoea kuwasikia wakisifu utulivu na amani kisha wakapanda ndege, kwa hiyo ripoti hizi mbili zina uzito wake. Zinabaki kwenye kumbukumbu, na serikali haiwezi kudai ziliandikwa na wazungu.

Adhabu nazo zimejaribiwa. Machi 2016, baada ya uchaguzi wa Zanzibar uliofutwa na kurudiwa, na kwa hofu ya jinsi Sheria ya Makosa ya Mtandao ilivyotumika, shirika la Marekani la MCC lilisitisha mpango wa dola milioni 472, sehemu kubwa ikiwa ya umeme. Uchaguzi wa Zanzibar haukubadilika hata kura moja. Umeme ndio haukuja. Sishauri wahisani wafumbie macho wizi wa kura, ila adhabu inayomwangukia mama ntilie wa Tandika na kumwacha msimamizi wa uchaguzi kwenye kiti chake imelenga pasipostahili.

Msaada uliofika mlangoni

Msaada wa nje uliowahi kugusa kiini hasa umetoka Arusha, na haukuja na magari. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana na mwanaharakati Bob Chacha Wangwe kwamba wakurugenzi wa halmashauri, wateule wa Rais na baadhi yao wanachama wa chama tawala, hawafai kuwa wasimamizi wa uchaguzi kwa vyeo vyao. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Wangwe na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ambayo Juni 2023 iliona kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 haimtaji tena mkurugenzi kwa cheo. Inasema mtumishi wa umma mwandamizi. Ni hatua ndogo, na mtumishi mwandamizi anaweza kuwa mkurugenzi yuleyule kwa jina jingine. Lakini ndiyo hatua iliyogusa ofisi ile ambako hati za viapo zilikwama. Inauma kukumbuka kwamba Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kufungua kesi mpya moja kwa moja katika mahakama hiyo. Wakili anayeweza kufika Arusha, au hata Kisutu saa kumi jioni fomu inapokataliwa, anahitaji nauli na mshahara. Humo wafadhili wangeweza kuweka fedha.

Jirani zetu wa Kenya wana la kutufundisha. Agosti 2017 waangalizi wakubwa, John Kerry akiwa mmoja wao, walisifu mchakato. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji David Maraga ikaufuta uchaguzi wa rais, baada ya kukagua jinsi matokeo yalivyosafirishwa na fomu zilivyokuwa. Mwaka 2022 tume yao iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, na mwananchi yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe. Kwetu matokeo ya ubunge kwa kila kituo yamo kwenye Fomu 21B, inabandikwa ukutani, na baada ya siku chache inachanika kwa mvua. Na rais akishatangazwa, Katiba yetu, ibara ya 41(7), hairuhusu mahakama kuhoji, ingawa Mahakama ya Afrika ilikwisha kusema mwaka 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka haki.

Kwa hiyo tutakapoulizwa na wahisani tunahitaji nini, tusiwape orodha ya fulana na kumbi. Tuombe waangalizi wa ndani wanaolipwa kwa miaka mitano mfululizo, wakazi wa kata zao, watakaohudhuria siku ya kurejesha fomu na kuandika nani alikataliwa na kwa sababu gani. Tuombe mawakili wa zamu katika kila jimbo wakati wa uteuzi. Tuombe wahisani watumie nafasi yao mezani na Tume kudai picha za fomu za kila kituo ziwekwe hadharani, na hati za mawakala zitolewe siku saba kabla ya kura, si usiku wa kuamkia. Na fedha hizo zianze kutoka 2027 au 2028, kwa sababu uchaguzi wa mitaa ni 2029, na atakayengoja 2030 atakuta majina yamekwisha kubandikwa.