Okoto ni Amana: Sarafu za Kilwa Katika Mchanga wa Australia

(Hotuba iliyotolewa baada ya Sala ya Alasiri mbele ya jamaa wa misikiti ya pwani)




Baada ya mvua za masika kijana mmoja katika jamaa yetu alitujia msikitini akiwa amefumba kitu mkononi. Alikuwa akipalilia mihogo katika shamba lililo karibu na magofu, na jembe lake likafukua kipande kidogo cha shaba, cha mviringo, kilichoota kutu ya kijani, chenye maandiko ya Kiarabu pande zote mbili. Habari zilikuwa zimekwisha kuenea, na mnunuzi mmoja mpita njia alikuwa amekwisha kumwahidi fedha taslimu. Kijana yule hakuja kutuuliza sarafu ile ni ya miaka mingapi. Alikuwa na swali moja tu: "Masheikh zangu, je, hii ni halali yangu?"

Siku ile hatukumjibu kwa haraka. Leo tunapenda kulijibu swali lake mbele yenu nyote, kwani wengi wetu tunalima na kuvua mahali walipoishi wazee wetu, na lililompata yeye laweza kumpata yeyote kati yetu.

Sarafu tano mbali na kwao

Kwanza tuwasimulieni kisa. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, jina lake Maurie Isenberg, alikuwa akitumikia kituo cha rada katika Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi ile. Siku moja alikwenda ufukweni kuvua samaki, na pale mchangani akaona sarafu. Akaziokota, akazitia katika kopo, na maisha yakaendelea. Zilikaa humo kwa muda wa miaka 35 hivi. Mwaka 1979 alizipeleka kwa wataalamu ili zitambuliwe.

Zilikuwa sarafu tisa. Nne zilikuwa za kampuni ya Waholanzi iliyofanya biashara katika nchi za Mashariki. Tano zilizobaki zilikuwa za shaba, na zilitoka Kilwa! Kutoka Kilwa Kisiwani hadi visiwa vile ni mwendo wa kiasi cha kilomita 10,000, na bahari nzima ya Hindi iko katikati.

Ndugu zangu, zitazameni sarafu hizo kwa macho ya moyo. Masultani wa Kilwa walikuwa na desturi nzuri. Upande mmoja wa sarafu waliandika jina la sultani, na upande wa pili wakaandika maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yakapatana kwa vina. Hivyo aliyekuwa na senti ya kununulia mtama sokoni alishika mkononi mwake ukumbusho wa kwamba hata mfalme hujiegemeza kwa Mola wake. Mmoja wa masultani hao, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na msafiri huyo akaandika habari za ukarimu wake kwa maskini na wageni.

Swali lisilojibika

Je, sarafu hizo zilifikaje Australia? Habari hizi zilipoenea, wengi walifurahi na kusema kwamba mabaharia Waislamu wa Kilwa walifika Australia kabla ya Waholanzi walioiona mwaka 1606, na kabla ya nahodha Cook aliyefika mwaka 1770. Nasi tungependa sana iwe hivyo. Lakini Mwislamu ameamrishwa kusimama na ushahidi wa kweli hata ukiwa dhidi ya nafsi yake mwenyewe. Sembuse ushahidi unaomnyima sifa tu!

Ukweli ni kwamba sarafu za shaba za Kilwa hazikuandikwa mwaka. Tena ziliokotwa juu ya mchanga pamoja na sarafu za Waholanzi ambazo ni changa kuliko hizo kwa karne nyingi. Basi yawezekana zilichukuliwa na Wareno, walioiteka Kilwa mwaka 1505. Yawezekana zilipita mikononi mwa Waholanzi, au mwa wavuvi wa Makassar waliokuwa wakienda pwani ile kuvua majongoo bahari. Yawezekana pia jahazi lilivunjika. Mwaka 2013 mtaalamu Ian McIntosh aliongoza msafara hadi kisiwani, akiongozwa na ramani ambayo Isenberg aliitia alama ya mahali alipookota. Hawakupata sarafu nyingine ya Kilwa.

Hapa pana fundisho kubwa. Sarafu ni shahidi, lakini ni shahidi anayesema pale tu anapohojiwa mahali pake. Ikiondolewa kabla ya kuhojiwa, ushahidi wake mwingi hupotea. Hatumlaumu askari yule, kwani hakujua alichookota, na lau asingeitia alama ramani yake, hata hilo dogo tulilolijua tusingelijua.

Mashahidi waliohojiwa mahali pao

Sasa linganisheni na sarafu nyingine. Katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini, ilipatikana sarafu moja tu ya Kilwa, ya yule yule al-Hasan bin Sulaiman. Moja tu! Lakini ilipatikana na wachimbuaji wa mambo ya kale walioandika mahali ilipotoka. Kwa hiyo imekuwa ushahidi wa kutegemewa kwamba katika karne ya 14 mji ule wa bara, uliokuwa na dhahabu, ulikuwa na uhusiano na bandari ya Kilwa.

Vile vile Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Hizo nazo hazikuandikwa mwaka. Lakini zilikuwa zimelala pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali, ambazo zimeandikwa mwaka, na iliyo changa kuliko zote ni ya mwaka 1066. Basi dinari zile zikawatolea ushahidi majirani zao, na dunia ikajua kwamba katika karne ya 11 wazee wetu walikwisha kuwa wakipiga sarafu zao wenyewe kwa maandiko ya Kiislamu. Laiti mtu angalizichambua, dhahabu akaiuza huku na fedha akaiuza kule, jambo hilo tungelijuaje?

Hukumu ya okoto

Sasa turudi kwa kijana wetu. Sheria ya Kiislamu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Mtume Mtukufu s.a.w. alipoulizwa juu ya kitu kilichookotwa, aliagiza kwanza mwokotaji akitambue vizuri chombo chake na kamba kilichofungiwa, kisha akitangaze mwaka mzima. Ama hazina ya kale iliyofukiwa ardhini, aliiwekea khumsi, yaani sehemu moja katika tano. Wanazuoni wengi wa fiqhi walieleza namna ya kupambanua kati ya mambo hayo mawili: itazamwe sarafu yenyewe. Ikiwa na alama za wakati wa ujahili, hiyo ni hazina. Ikiwa na alama za Uislamu, basi ni mali ya Mwislamu iliyopotea, na hukumu yake ni ya okoto.

Tusifiche lolote. Katika hukumu zote mbili mwokotaji naye ana haki zake, na kijana wetu hakuuliza swali la kipuuzi. Lakini zingatieni kwamba kabla ya kutangaza kuna kutambua. Chombo na kamba ndivyo vinavyomjulisha mwenye mali. Kwa sarafu ya miaka 600, chombo chake ni ule udongo ilimolala, na kamba yake ni vile vigae, shanga na mifupa ya samaki vilivyo pamoja nayo. Mwenye kuing'oa akaiuza gizani amekata kamba na kutupa chombo. Tena hakutangaza kwa yeyote isipokuwa kwa mnunuzi!

Na mwenye mali ni nani? Aliyeiangusha amekwisha kufariki, wala warithi wake hawajulikani kwa majina. Warithi wake ni sisi sote na watoto wetu. Aidha, Tanzania inayo sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964, inayomtaka mwenye kugundua kitu cha kale atoe taarifa, na inayozuia vitu hivyo kuuzwa na kupelekwa nje bila ya kibali. Mwislamu hutii sheria ya nchi yake katika mambo ya kheri.

Mnakumbuka pia kisa alichosimulia Mtume Mtukufu s.a.w. cha mtu aliyenunua shamba akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Alimrudia aliyemuuzia akamwambia, chukua dhahabu yako, mimi nilinunua ardhi tu. Muuzaji naye akakataa, akasema alikwisha kuuza ardhi na vyote vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi, naye akawaozesha watoto wao, na mali ile ikatumika kwa vijana hao na kwa sadaka. Watu wale waligombana, lakini kila mmoja aligombania kutoa. Leo twagombania kuchukua.

Wajibu wetu sisi

Hata hivyo, ndugu zangu, haifai kumwambia maskini "usiuze" kisha tukaenda zetu kula. Kijana yule alikuwa anadaiwa ada ya shule ya mdogo wake, na mnunuzi alikuwa na fedha mfukoni. Sisi tulikuwa na nasaha tu. Tuliona haya. Basi jioni ile wazee walichanga, kila mtu kwa alivyojaaliwa, na ada ikapatikana. Kesho yake tukafuatana naye shambani. Akatuonyesha shimo, tukachomeka kijiti, tukapima hatua kutoka kwenye mnazi na kutoka ukutani, tukaandika yote katika daftari. Kisha yeye mwenyewe akaipeleka sarafu kwa wahusika pamoja na daftari lile. Hakuisafisha kwa mchanga wala kwa ndimu, kwani kusugua hufuta maandiko.

Kwa hiyo tunawausia wote: mkiokota kitu cha namna hii, msichimbe zaidi, msikisugue, tieni alama mahali pake, toeni taarifa. Na mkisikia kwamba jirani ameokota naye ana shida, shida yake iwatangulie kabla ya mnunuzi.

Sarafu tano zimekaa mbali na kwao, na hakuna ajuaye zilikotupwa na wimbi gani. Hizo zimetupita. Lakini zilizobaki chini ya mihogo yetu bado hazijasema neno, na siku zitakaposema, na ziseme kweli, nasi tuwe ndio waliozifikisha salama.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wa amana, wakweli katika ushahidi, na wepesi wa kuwasaidia wenye haja kabla ya kuwahukumu. Amin.