Hesabu ya Ujira: Darasani na Katika Daftari la Chama



Wakati kahawa inapochumwa katika miteremko ya Mlima Meru, watoto wa darasa la saba nao huwa katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mambo haya mawili hukutana katika fumbo moja: hesabu ya ujira. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayotukuza mtihani kupita maisha yanayomngoja mwanafunzi kijijini. Hesabu hii hutumika katika yote mawili.

Kwanza, utazamwe mfano huu. Kibarua hulipwa shilingi 1,000 kwa kila debe la kahawa mbivu, pamoja na posho ya shilingi 2,000 kwa siku. Kwa siku 6 amepata shilingi 48,000. Je, amechuma madebe mangapi?

Mwanafunzi mwenye haraka hujumlisha 1,000 na 2,000, akagawa 48,000 kwa 3,000, akajibu 16. Kosa lake si la kugawa. Amechanganya malipo ya debe na malipo ya siku, ambayo hayana kipimo kimoja. Mwanafunzi mtulivu huuliza kwanza ni kipi kisichojulikana. Ni madebe, naye huyaita x. Malipo ya madebe ni 1,000x, na posho ya siku 6 ni 12,000. Hivyo:

1,000x + 12,000 = 48,000
1,000x = 36,000
x = 36

Kisha huhakiki: 36,000 na 12,000 ni 48,000. Jibu limesimama.

Pili, saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Basi mtumishi wa ghala aliyefanya kazi saa 51 akapata shilingi 108,000, analipwa kiasi gani kwa saa ya kawaida?

Wengi hugawa kwa 51. Lakini saa 6 za ziada zina uzito wa saa 9:

45x + 9x = 108,000
54x = 108,000
x = 2,000

Sasa hesabu igeuzwe. Karani akizilipa saa zote 51 kwa shilingi 2,000, mtumishi atapokea 102,000. Mwanafunzi akikosea fumbo hili hupoteza alama. Karani akikosea, mtumishi hupoteza shilingi 6,000 za jasho lake, na pengine asijue.

Kwa hiyo inafaa kila chama cha msingi kiandike madebe, siku na saa katika safu mbalimbali, wala kisiandike jumla peke yake. Mlipwaji asomewe hesabu yake kabla ya kutia sahihi. Na mzazi, jioni, ampe mtoto daftari la madebe ya nyumbani, amtake aunde mlinganyo na kuuhakiki. Mtoto atajizoeza kwa mtihani, na mzazi atajua kama amelipwa haki yake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo lahitaji msomaji.