Kiswahili cha Buyenzi na Mtoto wa Shule ya Msingi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na mipakani: mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo huenda mtu akaliona dogo likilinganishwa na habari za ulinzi na usalama. Jambo lenyewe ni somo la kwanza la Kiswahili kwa mtoto wa shule ya msingi. Tunauliza: mtoto mdogo wa Burundi, ambaye nyumbani kwao husemwa Kirundi peke yake, afundishwe vipi lugha hii hata aiseme, badala ya kuiandika tu daftarini na kuisahau?

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tarehe 1 Julai 2007, pamoja na Rwanda. Katika miaka hiyo hiyo Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi, vikakaa pamoja na Kirundi na Kifaransa. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa. Nchi isiyo na bahari, inayopitisha bidhaa zake Dar es Salaam na Mombasa, haiwezi kukaa bila lugha ya jirani zake. Lakini uamuzi wa serikali ni jambo moja, na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wengi akiwa na kipande cha chaki ni jambo jingine. Walimu wengi walisomeshwa kwa Kirundi na Kifaransa. Wakaambiwa wafundishe lugha ambayo wao wenyewe hawakuwahi kufundishwa. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, katika mji wetu wa Bujumbura kuna mahali ambapo Kiswahili hakikungoja kuletwa na ratiba ya shule. Mahali hapo ni Buyenzi. Mtu akitembea katika barabara zake zilizonyooka, ambazo hutajwa kwa namba, akipita penye mafundi wa magari hadi kwenye soko la Ruvumera, atasikia Kiswahili kikitumika kuuza na kununua, kuamkiana, kugombana na kupatana. Wazee wa Buyenzi wana asili nyingi. Wako ambao babu zao walikuwa Wamanyema kutoka Kongo, wako wa kutoka Ujiji na pwani, na wako Warundi wa vilimani waliokuja mjini kutafuta kazi. Lugha moja iliwaweka kwenye baraza moja.

Lugha hiyo haikuheshimiwa sikuzote. Wajerumani, walipoweka kituo chao cha kijeshi hapa Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walitumia Kiswahili katika utawala na miongoni mwa askari wao. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916, shule na kanisa viliegemea Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili kikaachiwa soko, karakana na msikiti. Tangu hapo neno "Mswahili" lilipata kwa baadhi ya watu maana mbaya ya mjanja na mdanganyifu. Mtoto aliyezaliwa katika lugha hiyo alijifunza mapema kuificha nje ya mtaa wake. Leo lugha ile ile iliyodharauliwa ndiyo inayoandikwa ubaoni. Je, yule mtoto wa Buyenzi amepewa nafasi gani darasani?

Mara nyingi hapewi nafasi yoyote. Mwalimu huandika ubaoni "mtu, watu, kitu, vitu", watoto wakanakili, kengele ikalia, na somo likaisha pasipo mtoto hata mmoja kumwuliza mwenzake habari za asubuhi. Yule anayejua kuzungumza hukaa kimya. Na pengine akifungua kinywa akasema "mtoto iko nyumbani", kama wanavyosema mtaani kwake, husahihishwa kwa ukali kwamba si sanifu, na wenzake wakamcheka. Hivyo darasa likampoteza mtu ambaye angeweza kulisaidia kuliko wote baada ya mwalimu.

Hapana shaka kwamba Kiswahili sanifu lazima kifundishwe. Msingi wake ni lahaja ya Unguja, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na ndicho kinachosomwa vitabuni na kutumika maofisini. Lakini usanifu ni ghorofa ya pili ya nyumba. Mtoto aliyekwisha kusema "iko" yuko hatua moja tu kufikia "yuko". Mtoto asiyesema kitu yuko mbali sana. Mwalimu mwenye busara hulichukua neno la mtoto, akalirudisha kwake likiwa limenyooshwa, bila aibu wala kelele.

Sasa tumtazame mwanafunzi mwingine, yule anayejua Kirundi peke yake. Wako wanaodhani kwamba anaanza mikono mitupu. Fikira hiyo si sahihi. Kirundi na Kiswahili ni ndugu. Mtoto anayesema umwana na abana hatashindwa na mwana na wana. Anayehesabu gatatu, kane, gatanu amekaribia tatu, nne, tano. Anayesema amazi atayatambua maji. Tena Kirundi chenyewe kina maneno mengi yanayofanana na ya Kiswahili sokoni na shuleni: isoko, ishure, igitabo, ameza. Basi siku ya kwanza kabisa mwalimu anaweza kuwaonyesha watoto kwamba wamekuja na akiba mfukoni. Mtoto akijua hivyo, hofu humtoka.

Hali kadhalika udugu huo una mitego yake, na mwalimu hana budi kuijua mapema. Umuti kwa Kirundi ni dawa, lakini mti kwa Kiswahili ni ule unaoota shambani. Igiti cha Kirundi ndicho mti, ambapo kiti cha Kiswahili ni cha kukalia. Aidha, ulimi wa Kirundi hupenda sauti ya "r" mahali pa "l". Mtoto akitaka kalamu ya kuandikia huomba karamu, na akisema ana njaa husema anataka kura. Mambo kama haya hayaponi kwa kukaripiwa. Huondoka kwa sikio kusikia vizuri mara nyingi, na kwa kicheko chema ambacho mwalimu anakicheka pamoja na watoto.

Ndugu askari, hapa ninyi mnaweza kuielewa kazi hii kuliko watu wengine. Kuruta anapofika chuoni hafundishwi gwaride kwa kunakili kitabu. Husikia amri, huona mwenzake akiitimiza, naye huitimiza kwa mwili wake, mpaka neno na tendo vikawa kitu kimoja. Mtaalamu mmoja wa Marekani, James Asher, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba lugha ngeni inaweza kuanza kufundishwa kwa njia ya namna hiyo. Mwalimu husema "simama", akasimama. Husema "fungua mlango", akaufungua. Wanafunzi hufuata, na hawalazimishwi kusema mpaka wawe tayari. Njia hiyo ilitumiwa sana kwao katika kufundisha Kihispania. Kwa mtoto mdogo inafaa kwa sababu hawezi kukaa kimya muda mrefu akisikiliza maelezo ya sarufi, ila anaweza kurukaruka na kucheza saa nzima.

Lakini kuna tofauti kati ya mchezo wa darasani na amri ya bunduki, na historia ya jirani zetu inatufundisha hilo. Nchini Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi kwa miaka mingi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Raia wengi walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa mtu mwenye silaha anayewatisha. Matokeo yake ni kwamba watu walikichukia, si kwa kosa la lugha yenyewe, bali kwa namna ilivyowafikia. Ilikuwa mwezi wa Julai 2022 ndipo baraza la mawaziri la Uganda lilipokubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita. Hivyo askari anayesema Kiswahili kwa upole na raia ni mwalimu wa lugha hii, apende asipende. Na anayekitumia kwa matusi huibomoa kazi ya walimu wengi.

Tutazame pia mfano wa mbali. Baada ya mapinduzi ya Cuba mwaka 1959, wakimbizi wengi kutoka nchi hiyo walifika katika mji wa Miami, Marekani, wakiwa na watoto wasiojua ila Kihispania. Mwaka 1963 shule ya msingi ya Coral Way ilianza mpango mpya. Iliwaweka pamoja watoto wa Kikuba na watoto wa wenyeji wasemao Kiingereza, wote wakasoma sehemu ya siku kwa Kiingereza na sehemu nyingine kwa Kihispania, na wakacheza pamoja. Miongoni mwa waliofundisha Kihispania walikuwa walimu waliokimbia Cuba. Kwa njia hiyo lugha ya mgeni maskini ikageuka kuwa elimu iliyotamaniwa na mtoto wa mwenyeji. Mtoto wa mkimbizi hakuwa tena mzigo wa darasa. Alikuwa na kitu cha kumpa mwenzake, naye akapokea kitu kutoka kwake.

Je, Buyenzi haiwezi kuwa hivyo kwetu? Wapo akina mama na wazee wanaojua hadithi, vitendawili na michezo ya watoto kwa Kiswahili. Mwalimu akimkaribisha mmoja wao darasani mara moja kwa juma, hatalazimika kumpa cheti wala kumtaka afundishe ngeli za majina. Kazi yake ni kusimulia, kuuliza na kuitikiwa. Mtoto wa mtaani akae jirani na mtoto asiyejua, wapewe kazi ya kuulizana majina, bei ya ndizi, njia ya kwenda sokoni. Kuandika kuje baadaye, sikio na ulimi vikiisha kuzoea. Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mwalimu aliyeruhusiwa kufanya hivyo, na mkuu wa shule asiyeogopa kelele za watoto wanaozungumza.

Tusiwasahau wale waliorudi. Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya Warundi 50,000, wa jamii za wale waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, walirejea nyumbani kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wengi miongoni mwao walisoma kwa Kiswahili, wakaingia katika shule za Kirundi na Kifaransa wakaonekana wajinga, hali wanajua. Nchi iliyokuwa ikitafuta watu wa kufundisha Kiswahili ilikuwa imewaketisha nyuma ya darasa. Kosa la namna hiyo lisirudiwe, kwa maana Warundi bado wanarejea.

Wapo wanaosema kwamba lugha nne ni nyingi mno kwa mtoto anayeanza shule. Hoja hiyo ina uzito. Mtoto asipoweza kusoma na kuandika vizuri kwa Kirundi, lugha ya mama yake, hatafika mbali katika lugha nyingine yoyote. Jibu letu ni kwamba Kiswahili cha miaka ya kwanza kisiwe somo la kunakili na mitihani mizito. Kikiwa ni mazungumzo na mchezo hakitanyang'anya Kirundi nafasi yake, bali kitaegemea juu yake.

Ndugu askari, faida ya jambo hili mnaijua. Wanajeshi wetu walifika Somalia mwezi wa Desemba 2007, baada ya Waganda, na Wakenya wakaingia katika jeshi hilo la Umoja wa Afrika mwaka 2012. Aliyekuwa na Kiswahili aliweza kusema na wenzake hao bila mkalimani. Katika mashariki ya Kongo, ambako jeshi la Jumuiya lilikuwako tangu Novemba 2022 hadi Desemba 2023, Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya kijiji. Polisi aliyeko Kobero au Gatumba hukihitaji kila siku. Wengi wenu mlikijifunza ukubwani, kwa shida, chini ya jua la kazi. Wanenu wanaweza kukipata wakingali wadogo. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.

Basi kila mzazi aliyeko kambini, atakaporudi nyumbani jioni, amwulize mwanawe kwa Kiswahili amekula nini na amecheza na nani, naye angoje jibu kwa subira, hata likija nusu Kirundi. Na kila polisi anayepita doria katika barabara za Buyenzi, aamkie kabla ya kuuliza vitambulisho. Mtoto aliyesimama mlangoni anasikiliza, na siku hiyo huenda akaamua kama lugha ya mtaa wake ni ya kuonea fahari au ya kuficha.