Sensa Niliyoinyamazisha

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wetu wa mwaka na mmoja wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie magari, ingawa mnajua kwamba mimi ni mtu wa mafaili. Sababu ni kuwa niliwahi kuua injini moja kwa ujinga wangu mwenyewe, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka 2011, nikifanya kazi Mbeya, nilinunua gari la Kijapani lililokwisha tumika, lenye tabo. Tabo ni mapanga mawili katika mhimili mmoja: moshi wa ekzosi huzungusha la kwanza, na la pili husukuma hewa ndani ya injini. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Hewa ikizidi, petroli nayo sharti izidi. Mwenye kupima petroli ni kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroboksi. Lakini kontroboksi haina macho. Katika gari langu ilitegemea sensa ndogo iliyounganishwa na njia ya hewa. Sensa hiyo si ile ya kuhesabu watu! Hupima presha na kuigeuza kuwa volti.

Vijana, hapa ndipo fizikia yenu inapohusika. Geji ya dashibodi huonyesha presha iliyozidi ile ya hewa ya nje. Sensa hupima presha yote, pamoja na ya anga. Pwani presha ya anga ni kilopaskali 101 hivi. Mbeya, kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, ni 83 hivi.

Gari lilikuwa zito milimani. Fundi mmoja akaongeza nguvu ya tabo hata geji ikasoma 110. Jumlisheni: 83 na 110 ni 193. Sensa yangu mwisho wake ulikuwa 200. Gari likaruka kama swala, nami nikavimba kichwa.

Kisha nikasafiri kwenda Dar es Salaam. Tulipomaliza kushuka Kitonga na kuingia bonde la mibuyu, nilikanyaga mafuta nilipite lori. Injini ikakata ghafla, halafu ikarudi. Huko chini presha ya anga ilikuwa 95 hivi, na jumla ikawa 205. Kontroboksi ilipoona sensa imefika mwisho, ilikata petroli ili iokoe injini.

Dar es Salaam fundi wa pili alinieleza ukweli: nipunguze presha au nibadili sensa. Kisha akataja kwamba kiko kifaa cha bei ndogo, hufungwa kwenye waya wa sensa kuzuia volti zisipite kiwango fulani, ili kontroboksi isijue. Nikachagua hicho. Hakuna aliyenidanganya, ndugu zangu. Uongo niliununua mwenyewe, na risiti nikapewa.

Wiki tatu baadaye, hapo hapo pwani, presha halisi ilikuwa 211, nayo petroli ikipimwa kwa hesabu ya chini ya 200. Hewa ikazidi petroli, joto likapanda, mchanganyiko ukawa unalipuka ovyo, na pistoni moja ikatoboka. Fedha za matengenezo zilikuwa ada ya mdogo wangu. Alikaa nyumbani muhula mzima wala hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Injini ya pili tuliifanyia kazi kwa utaratibu. Tuliweka sensa isomayo hadi 300, tukaifundisha kontroboksi kipimo kipya, maana volti ile ile sasa ilikuwa na maana nyingine. Tukafungua swichi bila kuwasha injini: pwani ni lazima isome 101 hivi, la sivyo hakuna kuendelea. Tukakagua mipira ya hewa isivuje. Tukafunga sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ili tuone mchanganyiko. Katika presha kubwa tulitaka uzito wa hewa uwe kama mara 11.5 ya ule wa petroli, si 14.7 ya mwendo wa kawaida. Ndipo tukapandisha presha kidogo kidogo, tukisikiliza kama injini inagonga, na kuchelewesha cheche ilipobidi.

Leo karani akiniletea taarifa nisiyoipenda, huikumbuka sensa ile, nami humwambia aketi aisome yote.

Vijana, nguvu mtaitaka, na ni haki yenu. Lakini kwanza ongezeni uwezo wa kupima, ndipo muongeze nguvu. Na injini ikikata njiani, msiulize kwanza ni wapi kinauzwa kifaa cha kuinyamazisha.