Uhunzi kwa Familia: Maneno ya Mkufunzi Siku ya Kwanza

 

Zamani uhunzi ulikuwa kazi ya koo chache. Wakikuyu waliogopa laana ya mhunzi. Wamaasai nao walitegemea mikuki ya wahunzi wao, lakini kuoana nao hawakutaka! Hapa leo mama na binti yake watashika nyundo.

Mtaanza na kulabu ya kutundikia sufuria. Ni kitu kidogo, ila kinafunza kuchonga ncha na kukunja. Tazameni rangi ya chuma. Kikiwa chekundu kilichofifia, mtagonga mpaka mchoke bure. Rangi ya chungwa inayoelekea manjano ndiyo ya kufulia. Kikirusha cheche nyeupe, kinaungua. Kitoeni motoni upesi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Chuma kikirudi kuwa cheusi hakijapoa, na hicho ndicho huunguza watu wengi, kwa sababu hakionyeshi dalili. Kwa hivyo hakuna kuokota chuma kwa mkono, hata kama wewe ndiye mzazi. Tumia koleo.

Pia msilete bomba wala waya uliopakwa zinki kama mabati. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kubana kifua. Kipande cha nondo kinatosha. Springi ya gari tutaihitaji siku ya visu.

Nguo ziwe za pamba, viatu vifunike vidole. Watoto wadogo watavuta mvukuto, mzazi akiwa kando.

Miwani iko mezani. Kila mtu achukue yake kabla hatujawasha makaa.