Mtoto Arudipo Nyumbani Mwezi wa Januari



Tumepewa kusema habari za malezi katika siku hii ya furaha, na bila shaka wengi walitazamia tuseme juu ya adabu na heshima, kama ilivyo desturi ya hotuba za namna hii. Hayo twayaacha kwa leo. Twataka kusema juu ya maumivu yasiyoonekana kwa macho, yaani maumivu ya nafsi za watoto, na hasa watoto wetu wa kike warudio nyumbani mwezi wa Januari.

Ninyi nyote mwajua maana yake. Katika Tarime na Serengeti Desemba si mwezi wa likizo tu. Msichana aliyemaliza darasa la saba mwezi wa Septemba hungoja mambo mawili: matokeo ya mtihani, na neno la wazee wa mila, kama mwaka huu ukoo wake utakeketa au hautakeketa. Sheria imekataza tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hata 15, au faini, au vyote viwili. Hata hivyo, watu wa serikali walipohesabu mwaka 2015–16, waliona kuwa katika kila wanawake 100 wa mkoa wa Mara, wa umri wa miaka 15 hata 49, 32 wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 28. Imepungua, wala haijakoma.

Basi wasichana hukimbia. Wengine hukimbilia kituo cha Masanga, huku Tarime. Wengine nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014, ikiongozwa na Mama Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto, akatoka damu hata karibu ya kufa. Huko hulala salama, hula, hufundishwa. Sikukuu zikiisha, wazazi huitwa, huzungumzwa nao mbele ya polisi na afisa wa ustawi wa jamii, hutia sahihi kwamba hawatamkeketa mtoto, naye hurudishwa nyumbani. Wasiokubaliwa kwao hubaki kule.

Watu wengi hudhani kuwa mtoto akiisha kurudi, mambo yamekwisha. Sisi nasi tulidhani hivyo, na kwa kudhani hivyo tulikosa.

Binti wa ndugu yetu alikimbia akiwa na miaka 13. Alirudi Januari. Mama yake alimpikia ugali wa ulezi, akambandikia maji ya kuoga. Baba yake hakumpiga, wala hakumtukana, wala hakumwambia neno lo lote. Tukasema, amani imekuja. Baada ya siku chache mama akaona kuwa mtoto hulala amevaa gauni lake la mchana na ndala miguuni. Alikojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu utoto. Chakula alikimega akakiacha. Mwalimu wake alitueleza kwamba pikipiki ikipita barabarani, kalamu humwanguka mkononi. Na njiani kwenda mtoni wenzake walimwita omosagane, jina la msichana asiyetahiriwa, ambalo kwetu ni tusi. Hakuna haja ya kulieleza zaidi hapa.

Tulimwita tukamwambia, "Mwanetu, wewe umeokoka. Wenzako hawakupata bahati hiyo. Ushukuru." Akajibu, "Ndiyo, baba mdogo." Majuma matatu yaliyofuata hakutuambia neno tena, illa salamu. Maneno yetu yalikuwa ya kweli, nayo yalimfunga kinywa, maana yalimwonyesha kuwa hatutaki kusikia habari za huzuni yake.

Aliyemfungua ni bibi yake, mama yetu, mzee ambaye zamani mwenyewe aliisifu mila hiyo. Alimkalisha karibu naye kupepeta ulezi. Siku ya kwanza hakumwuliza kitu. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Siku ya nne akasema, akitazama ungo, "Mimi nami niliogopa siku ile. Sikumwambia mtu." Mtoto akalia hata jioni. Ndipo tulipojua jambo ambalo hatukulidhania: hakuwa akiogopa kisu tena. Alikuwa akiogopa kwamba ameivunja nyumba. Alisikia watu wakisema kuwa ng'ombe wa mahari yake wamepungua kabla hajaposwa. Alifikiri baba yake akikamatwa itakuwa kwa ajili yake. Na kule kunyamaza kwa baba, tulikokuita amani, yeye alikuona kuwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu.

Tulimwendea ndugu yetu. Alijibu kwa ukali, "Nimekwisha kutia sahihi. Mwataka nini tena?" Tukamwambia kwamba sahihi ile walipewa polisi, mtoto hajapewa neno. Hakukubali siku ile.

Wazazi, twasema haya kwa kuwa nyumba za namna hii ni nyingi, na ishara zenyewe hufanana. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mkimya, au mpole akawa mgomvi, aumwaye tumbo kila asubuhi wala zahanati haioni ugonjwa, ashtukaye usiku, akimbiaye wenzake. Haifai kumpiga akojoaye kitandani, wala kumtania mbele ya wageni. Ndugu zake waonywe kwamba jina lile halitatajwa katika boma lenu, na mtu mzima aende naye mtoni mpaka watoto wa jirani wachoke. Wala msimwulize mbele ya watu. Kazi ya mikono ya watu wawili, kama kupepeta au kumenya mihogo, hufungua kinywa kuliko kiti cha mahojiano.

Na wavulana je? Hao huambiwa wasipepese jicho mbele ya kisu, na hofu yao hufungiwa ndani. Nasi twastaajabu baadaye wakiwapiga wadogo zao. Nao waulizwe.

Kuna wasemao ni pepo, au mtoto amelogwa. Sisi tu walimu wa dini, hatumkatazi mtu kuomba. Lakini mtoto asiyelala majuma mawili, au asemaye afadhali afe, apelekwe hospitali siku ile ile, wala asiachwe peke yake njiani. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kuwa katika kila vijana saba wa miaka 10 hata 19, mmoja ana ugonjwa wa akili. Basi si aibu ya ukoo mmoja. Iko nambari ya simu ya watoto, 116, isiyolipiwa, ambayo mtoto mwenyewe aweza kuipiga, hata mzazi au jirani. Na dawati la jinsia na watoto liko polisi. Walimu, andikeni nambari hiyo ukutani mwezi wa Oktoba, msingoje Desemba.

Mmetuuliza mlangoni habari za yule binti. Ndala alizivua usingizini mwezi wa Machi. Jina lile bado huitwa na wachache, naye sasa huwajibu. Siku ya kufunga shule mwezi wa Juni, baba yake alikuja asipotazamiwa, akaketi benchi la nyuma na kofia magotini. Walipotoka alimchukulia begi lake, na njia nzima mpaka nyumbani alimwuliza habari za hesabu, kwa nini amepata alama chache.