Umri wa Doctor kwa Hesabu ya Rika



Juzi, kwenye kituo cha kupimia majani hapa Silibwet, nilimsimulia mzee mmoja habari za Doctor, msafiri wa sayari ya mbali katika tamthilia ya Doctor Who ya BBC. Akijeruhiwa hata kufa, nilimwambia, hugeuka mwili mzima: sura mpya, sauti mpya, kumbukumbu zile zile. Mzee hakuuliza ana miaka mingapi. Aliuliza, "Alitahiriwa pamoja na kina nani?"

Nilicheka. Usiku nikaona amenishinda.

Tamthilia hiyo ilianza tarehe 23 Novemba 1963, siku 19 kabla ya uhuru wetu wa Kenya. Mwaka 1967 Doctor alijikadiria miaka 450 hivi, kwa hesabu ya duniani. Mwaka 1987 alikuwa na 953. Mwaka 2005, aliporudi hewani, akajitaja kuwa na 900. Miaka 53 imeyeyuka! Mwaka 2013 alisema amepita 1,200, kisha akakiri kwamba hakumbuki tena kama anadanganya. Tunajua waandishi walikuwa wakibadilishana, lakini mpenzi wa hadithi hakubali jibu hilo. Anataka hesabu ikae sawa humo humo ndani ya hadithi.

Kwetu Wakipsigis umri ni ibinda, yaani rika. Majina ya rika huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, hadi Nyongi, kisha Maina tena, na mzunguko mzima hula karne moja na ushei. Kwa hiyo ukiambiwa fulani alikuwa Nyongi, bado hujajua kitu. Nyongi yupi? Unamfunga kwenye tukio: je, Waingereza walipovamia Sotik mwaka 1905 alikuwa tayari na mkuki? Babu yangu alikuwa na kitambulisho kilichosema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama wazee wengi wa siku zake. Karani alikuwa na nafasi ya kujaza. Umri wa babu tuliupata kwa wenzake wa jando.

Sasa turudi mwaka 1987. Katika kisa cha Time and the Rani, Doctor amesimama mbele ya mlango uliofungwa kwa tarakimu. Rani, adui yake, alisoma naye, na umri wao ni mmoja. Doctor anabonyeza 953, mlango unafunguka.

Hapo ndipo ninapotia kigingi. Ile 900 ya mwaka 2005 ni neno la mdomo wa mtu mmoja, tena mwenye sifa ya kuficha. 953 ina shahidi wa rika moja, na kitasa kimekubali. Nikilazimika kufuta mojawapo, nafuta 900.

Na sura mpya isitupoteze. Inama chini ya mchai wowote kati ya hapa na Tenwek. Juu, meza ya kuchumia imefika kiunoni, majani laini ya wiki hii. Chini shina lina makovu, nene kama paja, kwa kuwa kila miaka mitatu minne hupogolewa na kuanza upya. Mwigizaji Ncuti Gatwa, jirani yetu aliyezaliwa Rwanda, alikuwa chipukizi la namna hiyo kwenye shina la Doctor.

Kesho ni siku ya kupima majani. Mzee nitampa jibu lake: alitahiriwa pamoja na kina Rani. Najua atakachouliza baadaye, kama Rani ni mwanamke ilikuwaje wakawa jando moja, na hapo sina la kumjibu.